Bakuli la Makomamanga

Basi la kwenda Rockville, huko Marekani, liliposhika breki ghafla, Elisante hakushika chuma. Alilikumbatia bakuli. Bora zivunjike mbavu, ingawa nazo hazikuwa na bima.

Bakuli lilikuwa limefungwa kwenye kanga ya mkewe, Mwatumu, na ndani mlikuwa na maandazi ya moto. Mwenye bakuli ni Bibi Liu, kikongwe wa Kichina ambaye Elisante alikuwa akimwogesha na kumpa dawa. Huko Moshi ndugu zake wanamwita daktari. Hajawahi kuwasahihisha.

Hii ilikuwa safari ya tatu ya kulirudisha. Kila mara Bibi Liu humkabidhi bakuli lile kwa mikono miwili, limejaa machungwa, na kusema, "Kwa ajili ya Anna." Maskini, uzee huo, Elisante aliwaza. Binti yake Anna aliachwa Moshi kwa bibi yake angali ananyonya, na sasa anasoma. Machungwa yangemfikiaje huko? Wakayala wenyewe, yeye na mkewe. Kisha Mwatumu, mtoto wa Tanga, akaliosha bakuli na kulijaza maandazi.

"Chombo cha watu unakirudishaje kitupu?" alisema. "Watatuona hatuna kwetu."

Sasa jana yake si akaja Gitau, kijana wa Kikenya anayesomea sanaa za kale chuoni Fairfax. Alichukua chungwa, akaona chombo chenyewe, akasahau kumenya. Akaliinua bakuli taratibu. Mapichi na makomamanga yalikuwa yamelizunguka lote, na chini palikuwa na muhuri.

"Buda, mnakulia hapa? Hii kitu ilitengenezewa mfalme wa China! Pichi ni maisha marefu, komamanga ni watoto tele. Prof wangu akiona hii atazirai. Ukiuza, Anna yuko hapa kabla ya Krismasi."

Elisante akaufunga mlango wa chumba chao cha Langley Park, majirani wasisikie.

"Na kuna zinafanana nayo kwa duka Rockville Pike," Gitau aliongeza. "Mrudishie moja. Huyo mzee si hata haoni poa?"

Tuseme ukweli: Elisante alitamani. Kichwani alikwisha kuliuza, akanunua suti, akasimama uwanja wa ndege wa Dulles akimngoja mwanawe. Ndipo aibu ikamshika. Mtu mzima, daktari wa Moshi, anamwibia ajuza asiyeweza kuvaa soksi peke yake!

Mwatumu alikuwa akikanda unga. Alijifuta macho kwa kiwiko.

"Rudisha tu, baba Anna," alisema. "Mtoto wetu ataletwa na halali."

Basi leo, ndani ya basi, Elisante alijiona mtakatifu. Alijisifu wee, mpaka akapitiliza kituo na ikabidi arudi kwa miguu, maandazi yakimpoa kifuani.

Sebuleni kwa Bibi Liu aliwakuta watu wawili wenye glavu nyeupe, na kati yao sanduku lenye sponji ndani.

"Hawa ni wa jumba la makumbusho, wamekuja kuchukua vyombo vyangu vya kale," Bibi Liu alisema. "Niliwaambia wasiguse kitu mpaka ufike." Akaitazama ile kanga, uso ukamnywea. "Umerudi nalo hata leo?"

"Nimerudi nalo, bibi." Elisante akatanua kifua. "Mimi cha mtu sichukui."

Mmoja wa wale wenye glavu akafungua kanga, akatoa andazi moja baada ya jingine kana kwamba ni mayai, akalipangusa bakuli, akalilaza kwenye sponji. Kifuniko kikafungwa. Gari likaondoka. Elisante aliwapungia mkono dirishani, mwepesi, roho nyeupe kabisa, akiwaza atakavyomsimulia Anna siku moja jinsi baba yake alivyo mtu wa haki.

Bibi Liu alimega andazi, akatafuna polepole.

"Kwetu bakuli la zawadi halitolewi tupu, ndiyo maana nilikuwa nalijaza machungwa," alisema. "Nilitaka uliuze umlete mwanao, lakini mtu akikurudishia zawadi mara tatu, utafanyaje?"