Nani Bi Jambia?

Dukani kwake, Abdulmalik aliibonyeza simu tena. Kikongwe cha katuni ya Kijapani kikachomoa upanga, kikaapa kulipiza kisasi cha ukoo mzima, kisha kikajamba mpaka adui akadondosha silaha. Kilisema Kiswahili, kwa sauti nzito ya kike isiyo na haya hata chembe.

"Nataka jina," alisema. "Sauti ya huyu Bi Jambia ni ya nani?"

Aliyeulizwa alikuwa Rajabu, mtoto wa marehemu kaka yake. Yeye ndiye aliyezitia katuni hizo Kiswahili, kwenye stoo iliyo juu ya duka la vitambaa la ami yake, na Kariakoo nzima ilikuwa haina mbavu. Wapagazi walicheka. Wauza mitumba wa Mchikichini walicheka. Wateja wa Abdulmalik nao walipimiwa vitenge huku wakimuuliza Bi Jambia hajambo, na hilo ndilo lililomchoma. Sauti za wanaume zilikuwa za Rajabu. Ya kikongwe ilikuwa ya mtu aliyemwapisha asimtaje.

Bi Kijakazi, mama yake Abdulmalik, alikuwa mkekani na tasbihi yake. Alikuwa ameitwa aone mjukuu wake alivyoharibika. Alishamwambia mwanawe mara mbili aachane na mambo ya watoto, lakini Abdulmalik akishapandisha hashuki. Akakata shauri: jina litajwe, au stoo ifungwe leo na katuni ziishe.

Rajabu akauweka ufunguo mezani. Katuni hizo ndizo kitu pekee alichowahi kukipenda.

Hapo akasimama Chiku, muuzaji wa dukani humo, rafiki yake tangu madrasa. Nusu ya vichekesho vya mashuzi alivitunga yeye.

"Ni mimi, bosi," alisema. "Na kesho narudia."

Abdulmalik akamtazama binti huyo ambaye kwa miaka yote alimwamkia kwa adabu. Akamwambia kazi hana tena, lakini kwanza aigize hiyo sauti, hapo hapo, aisikie kwa masikio yake.

Chiku akajikohoza, akafumbua kinywa. Kikatoka kisauti chembamba, cha mtoto anayeomba maji.

Rajabu hakuvumilia. Akasema Chiku anadanganya ili kumwokoa, na kama kuna wa kufukuzwa afukuzwe yeye, maana rafiki wa namna hiyo hampati tena hapa Bongo. Abdulmalik akasema basi watatoka wote wawili, akaunyakua ufunguo.

Sauti nzito ya Bi Jambia ikamjia kutoka mkekani.

"Malik, mwache mtoto wa watu. Siku ile ulipojamba kwenye maulidi, mbele ya wakwe zako, si mimi mama yako niliyesema ni mimi?"