Springi ya Kitanda

Mkanda wa visu uliruka mara ya nne, na mashine ya kukatia majani ikaacha kukata katikati ya kiwanja cha ndege. Rubani wa ndege ya wagonjwa alikwisha sema hatatua penye majani marefu. Athanas alilala chini akachungulia. Mkanda ulikuwa mzima. Springi inayoukaza ndiyo iliyolegea.

Alikwenda zahanati, akainua pembe ya godoro la mkewe, aliyelazwa humo akiingoja ndege hiyo.

"Unatafuta nini, Baba Deo?"

"Springi."

"Toa ya miguuni. Ya mgongoni bado naitumia."

Aliifunga, na mkanda ukakaa. Ulikuwa umebaki mstari mmoja wa majani aliposikia ndege ikizunguka juu. Hakuitazama. Alipunguza mwendo, kwa sababu mkanda ukikimbizwa huruka.