Mshono wa Picha ya Nyumba

Jua likikaribia kuzama, Lugiko alikuwa bado anahangaika na picha ya mwaka ya nyumba yake. Sharti ifungwe kabla ya giza, na ikishafungwa, mlango haumruhusu mtu asiye na uso kamili pichani kuingia mpaka mwaka mwingine. Kamera ya jicho la samaki ilikuwa imepiga pande zote, lakini pande hizo zilipounganishwa, mshono ulipita usoni mwa mama mkwe wake ukamwacha na jicho moja.

"Si nilisema akae nasi mkekani?"

"Mama yangu, mkeka mmoja na mkwewe? Labda apande darini!" Nkwimba alimjibu mumewe. "Usogeze huo mshono, Baba Holo. Yuko nje anaanua nguo."

Aliusogeza, ukampata Holo, binti yao. Akausogeza tena, ukampasua Nkwimba. Pakabaki mahali pamoja tu, usoni mwa Lugiko mwenyewe. Aliuacha hapo, akaifunga picha, akatoka.

"Wapi tena?"

"Kumpokea mama nguo."

Mama mkwe aliinamisha macho, akampisha, akaingia. Mlango ulimfungukia, kisha ukajifunga.

"Baba Holo, ugali unapoa!"

Lugiko akaketi chini ya kamba ya nguo.