Makaa ya Kibandani

Fundi seremala alikunjua gazeti juu ya meza ya maabara, akatoa bonge la makaa.

"Mwalimu, nipimie hili. Nataka kujua humu wametia sumu gani."

Mwalimu wa kemia aliligeuza kwa ncha ya kalamu. Wanafunzi walikuwa mapumzikoni. Kelele zao zilisikika kutoka uwanjani. "Nani katia sumu, mzee wangu?"

"Wakubwa wa kiwanda. Nani mwingine?"

Mke wa fundi alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda hicho. Wiki tatu zilizopita, asubuhi, walimkuta kibandani amefariki, jiko la makaa miguuni. Ripoti ya ofisi ilimaliza kesi kwa maneno matatu: uzembe wa marehemu. Kesho saa nne kamati ya kiwanda ingekaa kuyapigia muhuri. Mzembe! Mwanamke aliyekuwa akitoka nyumbani anarudi mara mbili kuhakikisha kafunga mlango. Fundi aliachia shule darasa la tatu, lakini hili alilijua bila kufundishwa: mkubwa akijikwaa, mguu unaouma ni wa mdogo.

Mwalimu alichukua vizibo vitatu vya chupa, kimoja cheusi na viwili vyeupe.

"Hakuna sumu iliyotiwa, fundi. Makaa ni kaboni. Tuseme hiki cheusi ni atomu yake moja. Penye hewa tele, inaungana na atomu mbili za oksijeni." Akavisogeza vyeupe pembeni ya cheusi. "Hiyo hata sisi tunaitoa puani. Hewa ikiwa haba, kaboni inaambulia moja tu." Akaondoa kizibo kimoja. "Hii sasa ndiyo inayoua. Haina rangi, haina harufu, wala haikukohozi."

"Yaani tofauti ni hako kamoja?"

"Hako kamoja."

Fundi alipiga meza, vizibo vikaruka. "Basi nimewapata! Walimnyima hewa. Mishahara wanabana, marupurupu wanabana, mpaka pumzi ya mtu nayo wameibana!"

"Kibanda chenyewe kilikuwaje?"

"Banda la kuku lina heshima kuliko kile. Mbao zimeachana, upepo unaingia kama umealikwa. Tumelalamika ofisini mpaka ndimi zikaota sugu. Leo, kesho, leo, kesho."

Mwalimu alikunja uso. "Hapo sasa umeniacha, mzee wangu. Pakipita upepo, hewa ipo. Jiko hilo alikuwa amelitumia muda gani?"

"Misimu miwili ya baridi."

"Asiumwe hata kichwa?"

"Hata siku moja."

"Basi kuna kitu kilibadilika siku ile ya mwisho. Kitafute, fundi. Ukikitaja kesho mbele ya kamati, hilo neno uzembe watalifuta kwa mikono yao. Mama atapumzika na jina lake safi, na aliyekibadilisha atajulikana."

Fundi alisogeza vizibo kando. Akaanza kulifunga bonge lake kwenye gazeti, polepole, kama mtu anayefunga kidonda.

Mchana wa siku ile ya mwisho, kwa kuchoka kuwasubiri wakubwa, alikwenda langoni na msumeno, gundi na mabaki ya mbao laini, akaziba nyufa zote za kibanda, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu ambao hakuna tajiri aliyewahi kuulipia. Mkewe alipoingia zamu alipitisha kiganja ukutani kuutafuta upepo, akaukosa, akacheka.

"Mume wangu, kwa joto hili, wakinikuta nimelala asubuhi, nitawaambia ni wewe."