Sanduku Juu ya Vichwa

Gurudumu la sanduku lilichomoka katikati ya stesheni, na umati wa mji ule wa kigeni ukawapiga vikumbo Mwanakombo na msaidizi wake, Tindwa. Sandukuni mlikuwa na vitambaa vya kuonyesha mkutanoni asubuhi ile. Mwenyeji wa kuwapokea hakuonekana.

Mwanakombo akatoa kanga mkobani, akaisokota kata.

"Meneja mzima, dada, ujitwike sanduku?" Tindwa alinong'ona. "Watatucheka!"

"Wacheke, mradi watuone. Hebu nitwike."

Sanduku likatua kichwani. Shingo ikanyooka, mikono ikaning'inia huru, na wale wenye haraka zao wakaanza kumpisha. Kule mbele, juu ya vichwa vyote, kibao chenye jina lake kikainuka, kikaja mbio.