Mwalimu wa Bubu

Mzee alipiga mluzi mara ya tatu, na kinda akageuza shingo.

Mtunza ndege alijikuta amemshika mkono mjukuu wa mzee, msichana ambaye hata jina hakuwa amemuuliza. Wote watatu walikuwa wamejibanza nyuma ya pazia la gunia, mbele ya tundu la waya lililo nyuma kabisa ya bustani ya wanyama, mbali na simba na makelele ya watoto wa shule. Kinda alikuwa na miezi minane. Alikuwa mzima, anakula vizuri, ana kilemba cheusi kichwani kama wenzake waliochorwa kwenye ubao wa maelezo. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hakuwa na wimbo. Wafanyakazi walimwita Bubu.

Watu hudhani ndege huzaliwa na wimbo wake. Dume wa aina hii hujifunza kwa baba yake, kama mtoto anavyojifunza kuongea, na hujifunza mara moja tu, kabla ya kutimiza mwaka. Akishaushika, ndio huo huo mpaka afe. Bubu hakuwa na baba. Alitoka kwenye yai lililookotwa msituni siku mti wake ulipoangushwa, akaanguliwa na mashine, akalelewa kwa kijiko. Jike naye hamkubali dume asiye na wimbo, na jike aliyebaki duniani, kwa kadiri watu walivyojua, alikuwa mmoja, pale pale tundu la pili, akitazama ukuta. Maafisa walimkuta ndani ya sanduku la magendo, kanyonyoka manyoya ya tumboni. Huyu walimwita Bi Harusi, kwa utani ambao haukumchekesha mtu tena.

Wimbo wenyewe hakuna aliyekuwa ameurekodi. Ndipo mtunza ndege akabandika tangazo langoni, pembeni ya bei za tiketi: anayejua mlio wa ndege huyu, tafadhali aonane nasi. Walikuja wengi. Mmoja alilia kama kunguru, mwingine alitaka tu kuingia bure. Kisha Jumapili moja akaja msichana na babu yake, wamezunguka bustani nzima, mzee hoi, na walipofika kwenye picha ya ndege yule mzee akasimama. Msichana alieleza kwamba babu alikulia kando ya msitu ule na ndege wote wa huko anawajua. Mtunza ndege aliona Mungu amemletea mtu.

"Una hakika ndio huu, babu?" mtunza ndege aliuliza, pazia likiwa limewafunika.

"Binti, nimeusikia mara nyingi kuliko sauti ya marehemu mke wangu."

Na kweli hakuwa anabahatisha. Alimtazama Bubu mara moja tu akasema ni dume, na kwamba bado hajatimia uzito. Alijua wanapenda tunda gani, na wanatua kwenye kijiti cha unene gani. Mluzi wake ulianza na sauti mbili fupi za juu, kisha moja ndefu inayoteremka ikitetemeka. Ulikuwa na huzuni kidogo, lakini mtunza ndege aliupenda. Hata nyumbani, akiosha vyombo, alijikuta anaupiga.

Kwa wiki tano mzee alikuja kila asubuhi. Walimpa kiti, wakampa na kofia yenye nembo ya bustani. Mkurugenzi aliwaleta wanafunzi wamtazame, akawaambia kuwa kumbukumbu ya wazee ndiyo itakayookoa misitu. Mzee hakuyapenda sana mambo hayo. Aliwajibu watoto kwa mkato, akarudi nyuma ya pazia lake.

Wiki ya sita Bubu alifumbua mdomo akautoa wimbo wote. Daktari wa wanyama, mtu asiyecheka ovyo, alitoka nje akajifuta macho. Mtunza ndege alilia waziwazi. Aliondoa kizuizi kati ya matundu mawili, akajificha kutazama.

Bubu alirukia tawi la karibu, akaimba. Bi Harusi akajirusha kwenye waya, akaanguka, akajirusha tena. Wakasema ni haya tu, atazoea. Siku ya pili alijichimbia kona nyuma ya bakuli la maji. Siku ya tatu hakula, na kila Bubu alipoimba, mwili wake wote ulitetemeka. Bubu naye, maskini, alizidisha bidii, kwani hakuwa na jingine la kusema.

Wakawatenganisha, lakini sauti inapita ukutani. Wakamwekea Bubu milio ya ndege wengine kwenye redio, siku nzima, asishike hata mmoja. Daktari alisema jike akiendelea hivi hamalizi wiki. Mtunza ndege aliishiwa maarifa, akamwita mzee.

Mzee alikuja, akasimama mbele ya waya, akasikiliza hadi mwisho.

"Anakosea wapi, babu?"

"Hakosei. Ni huo huo."

"Sasa mbona mwenzake anakufa kwa woga? Wakati ule ulipokuwa unawasikia wakiimba msituni, majike walikuwa wanafanyaje?"

Mzee alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Kuimba sikuwahi kuwasikia, mwanangu. Mimi nilikuwa natega kwa ulimbo, ile gundi ya kupaka matawini. Huo ndio mlio wao nikiwabandua."