Majibu Aliyofundishwa Shamsa

Siku hizo kila binti akitimiza miaka kumi na minane aliketi mbele ya runinga, akajibu maswali thelathini, nayo ikamtajia mhusika wa tamthilia anayefanana naye. Jina hilo liliandikwa kwenye kitambulisho, na posa zilifuata jina hilo.

Bi Mgeni aliingiwa na hofu. Bintiye Shamsa hakuacha neno limpite bila kulijibu, na runinga ingemtaja Kidawa, yule mgomvi wa tamthilia. Nani angemposa? Basi akamfundisha majibu wiki nzima. "Ukiulizwa mume akikufokea utafanyaje, sema utanyamaza."

Runinga ikamtaja Mwanaheri, mke mvumilivu. Majirani wakapiga vigelegele.

Posa ya kwanza aliileta Bi Saumu, mama wa mchumba.

"Sikufichi, dada yangu," alisema akitafuna visheti. "Mwanangu ana mkono mwepesi wa kupiga. Wake wawili wamemkimbia. Ndiyo maana tukamtafuta Mwanaheri."

Bi Mgeni akasimama ghafla. "Huyu si Mwanaheri! Majibu nilimpa mimi!"

Bi Saumu akacheka mpaka ushungi ukamteleza. "Kila mama husema hivyo mwana akikaribia kuolewa. Runinga imeshasema, shoga."

Bi Mgeni akamgeukia bintiye. "Mwambie, Shamsa! Mjibu kama unavyonijibu mimi!"

Shamsa aliinamisha macho, akamwongezea Bi Saumu chai.

"Mama," alisema kwa upole, "usimfokee mgeni."